Mwalimu na Nyanya za Zena

Siku tano kabla ya kipindi chake cha kwanza cha mwaka, Mwalimu alilaza ubavu kopo lenye mche wa maharage, akalifunika kwa boksi na kuliacha nyuma ya mlango wa maabara. Tulipoingia, alilifunua mbele yetu. Shina lilikuwa limetoka kwenye kopo kwa ubavu, kisha likapinda kama kiwiko na kuelekea dari.

"Nani kamwambia huyu?" aliuliza.

Kijana mmoja wa Mbeya, aliyekuwa na jibu la kila kitu, akasema, "Mwanga, Mwalimu."

"Alikuwa ndani ya boksi, baba. Siku tano hajaona mwanga."

"Basi kajua mwenyewe."

"Mmea haujui. Mmea hupata habari. Ninachouliza mimi, nani kaileta?"

Hakuna aliyejibu siku ile, na yeye hakutujibia. Alikuwa na subira hiyo. Angeweza kuliacha swali likae mezani wiki nzima kama mgeni, akipita kulisalimia kila kipindi, hadi mmoja wetu alisogelee.

Sikumjua akiwa msichana, wala sitaanza na alikozaliwa. Nilimkuta tayari ni mwanamke wa makamo, mwembamba, mtandio wake umeshikizwa kwa pini moja, koti lake jeupe la maabara halina kifungo cha pili. Msichana nilikuwa mimi: kwanza mwanafunzi wake katika chuo cha kilimo hapa Morogoro, kisha msaidizi wake wa maabara kwa miaka sita. Nilipoanza kufundisha baiolojia sekondari nikawa mgeni wake wa Jumapili. Muda wote huo nilimwita Mwalimu, naye aliniita mwanangu.

Ukucha wa kidole gumba chake cha kulia ulikuwa mweusi kwa utomvu. Hakuweza kupita penye mrehani bila kuuchuna ncha. Alichuna kwenye nyua za watu, alichuna kwenye makopo ya maua ya zahanati, na siku moja alichuna uzio wote wa maua wa mkuu wa chuo, hadi akaandikiwa barua ya onyo. Aliijibu kwa ukurasa mzima. Alieleza kwamba ncha ya mmea huteremsha homoni iitwayo auksini, na homoni hiyo huyazuia macho ya pembeni, yale machipukizi yaliyolala, yasichipue. Ukiiondoa ncha, macho yanaamka. Alimalizia kwa kumwomba mkuu asubiri wiki tatu. Wiki tatu zilipopita uzio ulikuwa umenona kuliko wakati wowote. Mwaka uliofuata mkuu alimtuma mtunza bustani aje kuuliza Mwalimu atachuna lini.

Lakini nyumbani kwake Kihonda palikuwa na mpera uliomea utakavyo, matawi yakiziba dirisha la jikoni. "Huo hauguswi," alisema. Nilimwuliza sababu mara mbili, na mara zote mbili akaniuliza kama nimekula. Nililishangaa hilo, maana kwa mengine yote alikuwa mtu wa kueleza.

Acha nikueleze auksini kama alivyotueleza sisi, maana bila hiyo hutamwelewa yeye wala kilichomtafuna. Si jambo gumu. Twende polepole.

Auksini hutengenezwa zaidi kwenye ncha changa za mmea, kisha hushuka kwenye shina, seli hadi seli. Mche ukilazwa, hujikusanya upande wa chini. Upande huo wa shina hurefuka kuliko wa juu, na shina linajipinda kwenda juu. Kwenye mzizi mambo ni kinyume: wingi uleule wa auksini unauzuia upande wa chini usirefuke, kwa hiyo mzizi unapinda kwenda chini. "Habari ni moja," alikuwa akisema. "Shina linaisikia hivi, mzizi unaisikia vile. Ndiyo maana, mwanangu, usiwakaripie wanafunzi wote kwa sauti moja."

Sasa ingia ndani ya seli. Kuna jeni zinazoitikia auksini. Ziko tayari wakati wote, lakini zimezuiwa na protini fulani ambazo Mwalimu aliziita walinzi. Mlinzi ameketi mlangoni na hakuna anayetoka. Auksini inapofika haigombani na mlinzi. Inamgandisha kwa protini nyingine inayokuja kumchukua, na mlinzi anapelekwa kuvunjwavunjwa. Mlango unafunguka. Ndani ya dakika chache jeni zinaamka na kuanza kutoa amri: kuta za seli zilegee, seli irefuke, mzizi wa pembeni uanze hapa. Kilichomfurahisha Mwalimu kuliko vyote ni hiki: miongoni mwa jeni za kwanza kuamka zimo zile zinazotengeneza walinzi wapya, na zile zinazoifunga auksini iliyozidi na kuiweka kando.

"Mnaona?" alikuwa akisema, akigonga meza kwa ukucha ule mweusi. "Wanaotoka mlangoni, kazi yao ya kwanza ni kumwajiri mlinzi mwingine. Kukua kunakuja na breki yake."

Mfano huo ulizagaa chuoni hadi ukamfikia mlinzi wa geti, mzee mcheshi wa Kilosa.

"Mwalimu!" alimwita asubuhi moja. "Naambiwa kila mwaka unanifukuza kazi mbele ya wanafunzi!"

"Nakufukuza na kukurudisha siku hiyohiyo, kaka. Bila wewe mmea unakufa."

"Basi mwambie mkuu. Labda ataniletea kiti chenye mgongo."

Kiti kililetwa. Mwalimu alikibeba mwenyewe kutoka stoo.

Maabara yetu ilikuwa na jokofu moja lililozimika kila umeme ulipokatika, na dirishani safu ya makopo ya nyanya. Mojawapo lilikuwa na mche wa aina isiyoitikia auksini vizuri. Hata ukiusimamisha, ulitambaa na kulala. Mwalimu alimwita "kiziwi wangu." Alimfungia kijiti, akammwagilia wa kwanza kila asubuhi, na akatukataza kumcheka. Mwenye kusikia haoni ajabu ya kusikia, alituambia; anayetufundisha ni huyu asiyesikia.

Alieleza jambo mara saba bila kuchoka. Neno lililomshinda kulitoa lilikuwa samahani. Aliwahi kunikatia alama katika mtihani kwa jibu lililokuwa sahihi. Nilimwonyesha kitabu, akasoma, akakifunga, akaondoka. Kesho yake nilikuta alama zimerekebishwa, na juu ya daftari langu pana chapati tatu za moto zimefungwa kwenye gazeti. Alipomsahau mfagizi wa maabara nje kwenye mvua, funguo akiwa nazo yeye Mwalimu, alimpikia wali wa nazi. Kwake samahani ilikuwa kitu cha kupikwa. Tulicheka na tukala, na wala hatukujiuliza itakuwaje siku ambayo kosa litakuwa kubwa kuliko sufuria.

Siku hiyo ilifika, na mimi nilikuwapo.

Dada yake mkubwa aliishi mlimani, juu ya Bigwa, kwenye shamba la ukoo. Huko Uluguru ardhi ya ukoo hupita kwa mama. Mama humwachia binti. Dada yake alikuwa na mabinti wawili, na mkubwa, Zena, ndiye aliyekuwa anaandaliwa kulichukua shamba. Zena alikuwa na miaka ishirini na kitu, mabega ya kubebea matenga, na nyanya ambazo wanunuzi wa mjini walizipandia mlima wenyewe. Alimwita Mwalimu mama mdogo, na kila mimi na Mwalimu tulipopanda Jumamosi alituonyesha matuta yake moja moja.

Mwaka huo ukungu ulikuwa unashambulia majani, na bomba la Zena la kupulizia dawa lilikuwa limepasuka. Mwalimu alikuwa na lake, la njano, la kubeba mgongoni. Wiki hiyohiyo alikuwa amelitumia Turiani, kwenye kipande chake cha mpunga, kupuliza dawa ya magugu. Alilisuuza kwa maji mara moja tu, kwa kuwa gari lilikuwa linamngoja, na Jumamosi akampa Zena.

Hapo ndipo somo lake lote lilipokuwa. Kuna dawa za magugu zilizoundwa kuiga auksini, na ile ilikuwa mojawapo. Mpunga huistahimili. Nyanya na maharage haziiwezi, hata ikiwa ni masalia tu kwenye bomba. Auksini ya mmea wenyewe ikizidi, inafungwa na kuwekwa kando. Hii ya kuiga haifungiki kirahisi. Kila mlinzi anayeletwa anaondolewa tena. Mlango unabaki wazi, jeni zinatoa amri moja mfululizo, na mmea unajikuza mpaka unajivunja. Ndiyo maana yeye mwenyewe alitufundisha kuliosha bomba la namna hiyo kwa sabuni, kurudia na kurudia, na lililo bora ni kutolichanganya kabisa na la mboga.

Tuliporudi baada ya siku kumi, Zena alitupokea njiani akilia. Nyanya zilikuwa zimejisokota. Majani ya juu yamekuwa membamba kama kamba za viatu, mashina yamevimba na kupasuka, na kwenye mashina, juu kabisa ya udongo, vimetoka vipele vyeupe. Nilivitazama kwa karibu. Ilikuwa mizizi, mizizi inayochipua hewani, kama kwenye picha aliyotuchorea Mwalimu ubaoni. Nilimgeukia. Uso wake ulikuwa umeshaelewa.

Dada yake alisimama kati ya matuta, mikono kiunoni. "Mdogo wangu, wewe ndiye msomi wetu. Hiki ni nini?"

Mwalimu alichuma jani moja, akalinyoosha kwenye kiganja chake.

"Ni ugonjwa," alisema. "Virusi. Ng'oeni mchome."

Tukiwa tunateremka nilisema, "Mwalimu, zile si virusi."

"Najua."

"Utamwambia?"

"Nitamwambia mwenyewe, mwanangu. Niachie mimi. Wiki ijayo nitapanda."

Watu wa mlimani si wajinga, wanatazama. Waliona kwamba ugonjwa haukuruka kwenda kwa jirani. Waliona kwamba maharage ya Zena nayo yamejisokota, matuta mawili aliyoyapulizia mabaki ya dawa, na kwamba matuta ambayo hakuyagusa yalikuwa salama. Walihesabu vizuri kabisa. Walichokosa ni habari ya bomba tu, na mwenye habari hiyo alikuwa Kihonda. Kwa hiyo walifika walikofika: ni mkono wa Zena. Mkono wake unaunguza mimea.

Mwanzoni lilisemwa kwa utani. "Zena, usinishike bega, nitakauka!" Kisha akaombwa asiingie kwenye vitalu vya wenzake. Msimu uliofuata mama yake, mwanamke mwenye huruma ila aliyechoka, alimpa shamba mdogo wake Zena. "Si kwamba nakuchukia," alimwambia. "Shamba ni la ukoo. Siwezi kulijaribia." Zena akashuka mjini, akapanga chumba Mwembesongo.

Mwalimu aliposikia, alinunua cherehani, akampelekea, akamlipia na fundi wa kumfundisha. Kila Idi alimpelekea vitenge. Alipika pilau akampelekea kwenye hotipoti. Kila mtu alisema Zena ana bahati ya mama mdogo. Mimi nilijua yale yote yalikuwa nini, na kila nilipomtazama Mwalimu akifunga hotipoti, alinikwepa macho.

"Wiki ijayo," alisema, kabla sijauliza.

Nikasubiri. Nilijiambia siri ni yake, na heshima ni kumwacha aitoe mwenyewe. Leo siwezi kuiita heshima. Nilikuwa naogopa kumpoteza kama yeye alivyoogopa kumpoteza dada yake, yule aliyejigamba kwa kijiji kizima kwamba mdogo wake anaongea na mimea.

Ikapita miaka tisa. Mwalimu alistaafu. Akaanza kupanda mlima mara chache, akisingizia magoti. Kisha dada yake akaugua, akalazwa, akarudishwa nyumbani kufia mlimani. Mwalimu alikaa naye siku nne za mwisho, na mimi nilipanda siku ya maziko nikiamini kwamba sasa ameshamwambia. Nilimkuta ameketi kwenye jamvi na wanawake wengine. Nikamwinamia, nikampa pole, nikamwuliza kwa macho.

Akatikisa kichwa. "Alikuwa anatabasamu kila nikiingia," alinong'ona. "Ningeanzaje, mwanangu?"

Miezi michache baadaye kiharusi kilimwangusha jikoni kwake. Upande wa kulia ukafa, na maneno yakaondoka nao. Akili ilibaki, ulikuwa unaiona machoni, imefungiwa. Wa kumtunza akapatikana bila kutafutwa. Zena, ambaye sasa alikuwa na mtoto wa shule, alifunga cherehani yake saa sita kila siku, akaja Kihonda kumwogesha, kumgeuza na kumlisha. "Ni mama yangu huyu," aliwaambia majirani waliomsifu. "Nani kanifanyia aliyonifanyia yeye?"

Nilikwenda mchana mmoja wa mwezi wa nne, mvua ikiwa imepumzika kidogo. Mwalimu alikuwa ameegeshwa kwenye mito, khanga magotini. "Shikamoo, Mwalimu," nilisema, na midomo yake ikahangaika kutafuta marahaba isiipate. Zena alikuwa kwenye kigoda kando yake, anakoroga uji kwenye bakuli ili upoe.

Nilipokaa, Mwalimu aliinua mkono wake wa kushoto. Aliweka kidole kwenye midomo yangu, akakibakisha hapo. Kisha akakielekeza kwa Zena.

"Anataka nini?" Zena aliuliza. "Wiki hii yote ananinyooshea kidole hivyo. Nampa maji, anakataa. Namgeuza, analia."

"Anataka nikwambie jambo alilopaswa kukwambia mwenyewe."

Nikaanza kama ninavyoanza darasani. Nikasema kuna homoni kwenye mimea inayoitwa auksini, na kwamba kuna dawa zinazoiiga.

"Dada," Zena alinikatiza, "usinifundishe. Niambie."

Nikamwambia. "Nyanya zako ziliuawa na bomba. Lile la njano. Lilikuwa limetoka kupuliza dawa ya magugu kwenye mpunga, na Mwalimu alilisuuza mara moja tu. Hayakuwa maradhi. Hukuwa wewe. Alijua siku ileile, alipoliona jani."

Kijiko kilisimama kwenye uji.

"Na wewe?"

"Na mimi nilijua."

Nje, mama mmoja alikuwa anaita wateja wa ndizi, akataja bei, akapita. Zena hakumtazama Mwalimu. Alitazama bakuli.

"Kwa hiyo nyanya zangu zilikuwa nzuri," alisema.

"Zilikuwa nzuri sana, Zena."

"Mama alikata roho akimwambia mdogo wangu asiniruhusu kugusa miche. Nilikuwa nimesimama hapohapo miguuni pake." Sauti yake haikupanda. "Nilipojifungua, siku saba sikumwogesha mwanangu. Nilimwachia wifi yangu. Yeye akidhani nadeka. Nilikuwa naogopa. Mkono unaoua nyanya, kwa kichanga je? Nilikuwa namnyonyesha nimeukunjia mkono huu mgongoni."

Mwalimu alitoa sauti. Haikuwa neno. Machozi yaliteremka upande mmoja wa uso, na upande uliokufa ukabaki vilevile.

Zena akasimama, akaniwekea bakuli mapajani. "Mlishe wewe, dada. Mimi namfuata mwanangu shuleni."

Akachukua mkoba wake. Nikachota uji, nikaupeleka mdomoni kwa Mwalimu. Sikuwahi kumlisha mtu mwenye kiharusi. Uji ulimwagika kidevuni, mwingine ukashuka vibaya, akaanza kukohoa na kukauka pumzi. Nilishika bakuli kwa mikono miwili nisijue la kufanya.

Zena alikuwa ameshafika mlangoni. Akarudi, akatupa mkoba chini.

"Si hivyo. Utampalia. Muinue kwanza."

Alipitisha mkono wake wa kulia chini ya shingo ya Mwalimu, akamwinua, akamgonga mgongoni taratibu mpaka pumzi ikarudi. Akamfuta kidevu. Akanionyesha pa kuweka kijiko, kwenye shavu lililo hai, na jinsi ya kungoja koo lipande na kushuka kabla ya kijiko kingine. Tulifanya vijiko vitatu namna hiyo, mimi nikichota, yeye akikishikilia kile kichwa kwenye kiganja chake.

"Umeona?" aliniuliza.

"Nimeona."

"Na kesho uje wewe." Akamlaza kwenye mito, akaokota mkoba, akatoka. Hakuwa amemtazama usoni hata mara moja.